UZI: Msamiati wa stempu na historia ya posta ya kwetu (soma kabla hujabandua kitu kwenye bahasha)

#1 BahashaKamili

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya stempu humu yanafanana. Mtu anaweka picha, anauliza bei, anajibiwa kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia: "Nyota moja hiyo." "Chapa ya juu ni ya kughushi." "Meno yamepitiwa na mkasi." Muulizaji anaondoka kama alivyokuja. Uzi huu ni wa maneno hayo, kila neno na mfano wake wa huku kwetu: Unguja, Afrika Mashariki ya Mjerumani, Tanganyika, na ile KUT ya nchi tatu (Kenya, Uganda na Tanganyika). Wajuzi jazieni, na nikiteleza nisahihisheni.

Naanza na matatu yanayobeba mengine yote.

Bahasha kamili ni bahasha nzima kama ilivyopita posta: stempu mahali pake, anwani, mihuri ya mbele na ya nyuma. Hata barua ya ndani ikiwa imepotea, bado ni bahasha kamili.

Kipande ni kona ya bahasha iliyokatwa kwa mkasi, stempu ikiwa bado imeganda na mhuri unasomeka wote.

Stempu tupu ni iliyobanduliwa.

Kwa mwenye kutafuta historia, thamani inashuka kwa mpangilio huohuo, na sababu iko kwenye mhuri. Chukua posta ya Kihindi ya Unguja, iliyofunguliwa tena tarehe 1 Oktoba 1875. Kwa miaka 20, hadi Novemba 1895, barua za Unguja zilibandikwa stempu za kawaida za India zisizo na neno lolote la Unguja. Nusu ana (ana 16 ni rupia moja) ya Malkia Victoria iliyotumika Bombay na iliyotumika Unguja ni mapacha: karatasi moja, rangi moja, chapa moja. Kinachozitofautisha ni mhuri peke yake. Na mhuri mara nyingi haukai wote juu ya stempu. Stempu inashika "ZAN" au "BAR", herufi nyingine na tarehe zinaangukia karatasi ya bahasha. Ukibandua, mkononi umebaki na nusu ana ya India ya bei ya peremende.

KUT nako ni vilevile. Stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935 na zilitumika nchi zote tatu. Bila mhuri huwezi kujua kama hiyo ya senti 20 ilitumwa Lindi, Kisumu au Masaka.

---

#2 stempu_za_babu

Asante mkuu. Naomba kuanzia chini kabisa: nyota moja na nyota mbili ni nini? Na gundi ya nyuma inaingiaje kwenye bei wakati picha iko mbele?

---

#3 KibanoNaLenzi

Ndugu, hizo nyota ni alama za katalogi na minada.

 ** (nyota mbili): mpya, gundi yote ipo kama ilivyotoka posta, haijawahi kushikizwa na bawaba.
* (nyota moja): mpya, ina gundi, lakini ina kovu la bawaba.
(*) nyota ndani ya mabano: haijatumika na haina gundi.
Duara lenye nukta katikati: imetumika.

Bawaba ni kikaratasi chembamba chenye gundi, kinakunjwa, nusu inashika stempu na nusu inashika ukurasa wa albamu. Zamani ndiyo ilikuwa njia ya kila mtu, kwa hiyo stempu mpya ya 1896 yenye kovu la bawaba si dosari ya kutisha. Inayotia shaka ni ile ya 1896 yenye gundi inayong'aa kama ya jana.

Hapo ndipo linapoingia neno gundi ya kupaka upya. Kiwandani karatasi iliyopakwa gundi hutobolewa baadaye, kwa hiyo nyuzi za kwenye ncha za meno huwa laini na hazina gundi. Mtu akipaka gundi kwenye stempu ambayo tayari ina meno, gundi inafuata ncha na kuzigandisha. Pitisha ncha za meno taratibu juu ya kidole: za asili ni laini, zilizopakwa zinachoma kidogo. Kwa lenzi ya mara 10 utaona nyuzi zimeshikana vishada.

Msisahau kwamba zipo stempu zilizotoka bila gundi. Zile za Uganda za 1895, za bei ya kauri (simbi zilizotumika kama fedha), alizozichapa Mchungaji Ernest Millar kwa mashine ya kuandikia pale Mengo, zilikuwa karatasi nyembamba tu zenye herufi U na G na tarakimu ya bei. Kauri 200 zilihesabiwa rupia moja. Mwenye kukuuzia "kauri yenye gundi kamili" mwache aende zake.

Kuchunika ni pale tabaka la karatasi la nyuma linapobaki kwenye bahasha au kwenye bawaba. Kwa mbele huoni kitu. Iinue kwenye mwanga: palipochunika panaangaza. Hii ndiyo dosari ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara chanzo ni kuvuta stempu ikiwa kavu.

Kutu ni madoa ya kahawia yanayoanzia kwenye meno. Si chuma, ni ukungu na unyevu wa pwani. Yakishaingia kwenye nyuzi hayatoki, na dawa ya kufulia nguo nyeupe itakula rangi kabla ya doa.

---

#4 Mlango_wa_Papa

Hapo kwa kutu ongeza hivi, ndugu yangu: albamu zisimame wima kama vitabu rafuni, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana uzito na joto la Mombasa vinagandisha gundi ya stempu mpya kwenye ukurasa. Usiweke kabati kwenye ukuta wa nje. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali (PVC) itoe kabisa, inatoa mafuta yanayolowesha karatasi. Fungua albamu upepo upite siku kavu, si msimu wa masika.

---

#5 stempu_za_babu

Na meno mnayahesabuje? Naona watu wanaandika 14, wengine 13 × 11¾. Robo ya jino inatoka wapi?

---

#6 KibanoNaLenzi

Tarakimu si idadi ya meno ya stempu nzima. Ni matundu mangapi yanaingia kwenye sentimita 2. Ndiyo maana robo zinatokea.

Tumia kipimo cha meno, kile kibao cha plastiki angavu chenye mistari. Laza stempu, teremsha kibao hadi mistari ipite katikati ya kila tundu kuanzia kona hadi kona. Kama mwanzo inapatana na mwisho inapotoka, bado hujafika. Andika upande wa mlalo kwanza, kisha wa wima: 13 × 11¾ maana yake juu na chini ni 13, kushoto na kulia ni 11¾. Tarakimu ikiwa moja, pande zote ni sawa. Huna kipimo? Rula na alama mbili za milimita 20 zitakupa makadirio ya nusu jino. Yanatosha kutenga 12½ na 14, hayatoshi kutenga 13 na 13¼.

Kwa nini mtu ajisumbue? Tazama pauni moja ya KUT ya Mfalme George VI, nyeusi na nyekundu. Picha ni ileile, lakini kuna ya 11¾ × 13 (1938), ya 14 (1941) na ya 12½ (1954). Katalogi inazipa namba tofauti na bei tofauti. Kwa macho matupu ni stempu moja.

Maneno ya jirani: bila meno ni iliyotoka ikiwa haikutobolewa, ikakatwa kwa mkasi, kama zile kauri. Vipasuo ni mikato midogo badala ya matundu, karatasi haiondolewi. Stempu za deni za Zanzibar zilizochapwa kisiwani kuanzia 1926 zilikuwa hivyo. Meno yaliyopunguzwa ni utapeli: mtu anakata meno ya stempu ya kawaida aiuze kama kosa la "bila meno". Dawa yake ni pambizo. Isiyo na meno ya kweli iwe na pambizo pana pande zote nne, na afadhali ziwe mbili zilizoshikana. Ikiwa moja tu, na imebana, usinunue.

Alama ya maji iko ndani ya karatasi yenyewe, pale ilipofanywa nyembamba wakati wa kutengenezwa. Kwa makoloni ya Mwingereza tafuta taji na herufi CA (Crown Agents, mawakala wa serikali za makoloni). Taji moja kubwa na CA moja kwa kila stempu ni za zamani. Kuanzia 1904 alama zikawa ndogo na nyingi, zimetapakaa. Kuanzia 1921 CA ikaandikwa kwa herufi za mwandiko. Zanzibar ya 1896 na 1899 ina ua la duara badala ya taji.

Mfano wa faida yake: Tanganyika ilipokuwa chini ya jeshi la Mwingereza, stempu za East Africa and Uganda zilichapwa "G.E.A." (German East Africa) juu. Zipo za 1917 zenye CA ya kawaida na zipo za 1921 zenye CA ya mwandiko. Kwa mbele, mtihani. Kwa nyuma, sekunde kumi.

Namna ya kuiona: laza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondosha matone mawili matatu ya petroli ya kujazia viberiti, angalia hapohapo kabla haijakauka. Fanya dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali. Na usithubutu kwa stempu zilizochapwa kwa fotograva, kama ile seti ya samaki ya Tanzania ya 1967: wino wake unaweza kuyeyuka ukabaki na samaki wa ukungu. Hizo zishike kwenye mwanga tu.

---

#7 Shangani1895

Assalaam aleikum. Niachieni chapa ya juu, hiyo ndiyo chakula cha Unguja.

Chapa ya juu ni maneno yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwishachapwa. Ikibadilisha bei inaitwa bei ya juu. Inaweza kuwa ya mashine au ya mhuri wa mkono, na tofauti hiyo ni kubwa. Ya mashine inakaa pahala pamoja kila stempu ya karatasi. Ya mkono inayumba: hii imeinama, hii imepinduka, hii imegongwa mara mbili, wino unakoza na kufifia.

Novemba 1895 stempu za India zilipochapwa "Zanzibar" juu, kazi ilifanyika hapahapa kisiwani, kwenye kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa moja moja kwa mkono. Matokeo yake ndiyo haya wanayoyasaka watu dunia nzima: "Zanzidar", "Zanibar", "Zapzibar". Mpangaji ameokota d mahali pa b, au p mahali pa n, au ameruka z. Kwa sababu herufi hiyo mbovu imefungwa ndani ya fremu, kila karatasi inayopita inatoka na kosa palepale, hadi mtu aligundue. Hilo linaitwa kosa la kudumu. Kosa la bahati ni jengine: karatasi imekunjika, wino umeruka, haitatokea tena. La kudumu linaingia katalogi. La bahati ni la kufurahishia wageni.

Kuna na tofauti ndogo, si kosa la maandishi bali la bamba. Kwenye KUT ya jahazi la Ziwa Victoria ya 1935 kuna ambayo kamba inagusa tanga na ambayo haigusi. Chukua lenzi, tafuta kamba.

Sasa kughushi. Chapa ya 1895 imeghushiwa sana kwa sababu stempu ya India ni rahisi na chapa ni neno moja tu. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, tazama tabaka za wino. Chapa ya juu ilitangulia, mhuri wa posta ukafuata. Kwa hiyo palipopishana, wino wa mhuri lazima uwe juu. Ukiona neno "Zanzibar" limepanda juu ya mhuri, basi mtu amechukua stempu iliyokwishatumika na kuipamba.

Pili, soma tarehe na mji. Mhuri wa Bombay 1893 chini ya chapa ya 1895 haumo katika dunia hii.

Tatu, linganisha urefu wa neno na umbo la herufi, hasa Z na r, na picha ya ya kweli kwa ukubwa uleule. Wa kughushi hukosea unene wa Z.

Kuhusu JAMHURI 1964: baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 stempu za Sultani ziligongwa maneno hayo kwa mihuri ya mkono hapa Unguja, na baadaye mwaka uleule zikaja zilizochapwa kwa mashine. Za mkono zimo za kila namna, zilizopinduka, zilizorudiwa, za pembeni, na nyingi za ajabu ziligongwa kumridhisha mnunuzi. Iliyopinduka kwenye bahasha iliyosafiri kweli, yenye ada sahihi, naiamini. Iliyopinduka tupu, isiyo na safari, siilipii zaidi ya ya kawaida. Huo ni msimamo wangu, mwengine atabisha.

---

#8 Muttrah

Waleikum salaam sheikh wangu. Kwa walio huku Oman: ile kanuni ya mleta uzi kuhusu stempu za India inafanya kazi na Maskati pia. Posta ya Kihindi hapa ilifunguliwa tarehe 1 Mei 1864, kabla ya ile ya Unguja, na stempu zilikuwa zilezile. Bila mhuri wa Muscat huna kitu. Chapa ya juu ya huku ni ya 1944, stempu za India zenye maandishi ya Kiarabu "Al Busaid 1363", kuadhimisha miaka 200 ya ukoo. Ukoo huohuo uliotawala Unguja, kwa hiyo wengi wanaziweka albamu moja.

---

#9 Mlango_wa_Papa

Kuna neno halijatajwa na ndilo linalowatia watu hasara kubwa: matumizi ya ushuru.

Stempu nyingi za Kenya na Uganda ziliandikwa "Postage and Revenue", yaani za barua na za serikali pia, kwenye hati za ardhi, mikataba, stakabadhi. Seti ya Mfalme George V iliyoanza 1922 inapanda hadi pauni 100. Hakuna barua ya pauni 100, hizo zilienda kwenye hati. Na kabla yake East Africa and Uganda ilikuwa na ya rupia 500.

Kwenye hati, stempu hufutwa kwa kalamu, kwa tundu au kwa mhuri wa ofisi. Iliyofutwa kwa kalamu ina bei ndogo sana kuliko iliyo mpya au yenye mhuri wa posta. Basi fundi anaosha wino wa kalamu, anapaka gundi, anaiuza mpya. Au anaiosha na kuigonga mhuri wa posta wa bandia kufunika kovu. Chunguza hivi: iweke chini ya taa ya urujuanimno, wino uliooshwa hutokea kama kivuli. Tazama rangi kama imepauka sehemu moja tu. Tafuta tundu lililozibwa: likipita kwenye petroli huonekana kama sarafu nyeusi. Na kama mhuri wa posta umekaa mahali pamoja na mikwaruzo, jiulize unaficha nini.

---

#10 stempu_za_babu

Shukrani kwa wote. Sasa, bahasha za kawaida za miaka ya 80 zisizo na mhuri wa maana, hizo nazo nisibandue? Nikibandua nifanyeje?

---

#11 KibanoNaLenzi

Za kawaida bandua, hakuna dhambi. Ila usivute.

Kata karatasi kuzunguka stempu, acha kama sentimita 1. Tenga karatasi za rangi, nyekundu na ya kaki hasa, zinatoa rangi ndani ya maji na kuchafua zote. Weka maji ya kawaida, si ya moto, kwenye sahani pana. Elekeza stempu uso juu, zisipandane, ishirini hivi kwa sahani. Subiri dakika 15 hadi 30. Stempu ikitaka kuondoka itateleza yenyewe, isipoteleza, irudishe. Suuza nyuma kwa maji mapya, maana gundi iliyobaki ndiyo inayogandisha stempu kwenye karatasi ya kukaushia. Laza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe inayonyonya maji, si gazeti, wino wa gazeti unahama. Zikikaribia kukauka ziweke katikati ya karatasi safi, juu yake kitabu kizito, usiku kucha.

Zisizoguswa na maji: zenye mhuri wa mkono wa zambarau, unatoka wote; kauri za Uganda; na zenye karatasi ya chokaa, ile yenye ngozi laini inayong'aa, uso wake hupauka. Zamani watu walijaribu chokaa kwa kukwaruza na fedha, ikiacha mstari mweusi ndiyo yenyewe. Ndiyo, na stempu imeharibika. Angalia mng'ao kwa pembeni, inatosha. Za kujigandisha za siku hizi nyingi hazitoki kwa maji, ziache na karatasi yake, milimita 5 kila upande.

---

#12 BahashaKamili

Kabla hujakata, Kibano, aangalie kwanza kama kuna T.

T ndani ya duara au pembetatu, pengine na tarakimu pembeni, ni barua iliyolipiwa pungufu. Herufi ni ya Kifaransa, lugha ya Umoja wa Posta Duniani ulioanzishwa Bern tarehe 9 Oktoba 1874. Tarakimu ni senti za faranga ya dhahabu, na kwa desturi ya zamani ni mara mbili ya kilichopungua. Posta ya mwisho ndiyo iliyomdai mpokeaji, na hapo ndipo hubandikwa stempu ya deni. Bahasha ya miaka ya 80 yenye T, ada pungufu na stempu ya deni ya nchi nyingine ni ya kutunza nzima, hata kama stempu yenyewe ni ya senti tano.

Ada nayo ni neno la msingi. Si bei ya stempu moja, ni jumla ya stempu zote ikilinganishwa na uzito, umbali na huduma. Mwishoni mwa karne ya 19 barua ya gramu 15 kwenda nchi ya Umoja ilikuwa senti 25 za faranga. Huko Unguja hiyo ilikuwa ana 2½. Umoja ulipanga na rangi: kijani kwa machapisho, nyekundu kwa kadi, buluu kwa barua ya nje. Ndiyo maana ana 2½ ya Zanzibar ya 1896 ni ya buluu, na kwa Mjerumani heller 4 ni kijani, 7½ ni nyekundu, 15 ni buluu. Rangi inakwambia kazi ya stempu kabla hujasoma bei.

Angalieni na fedha, zinachanganya. Kwa Mjerumani pesa 64 ni rupia moja, kisha kuanzia 1905 heller 100. Zanzibar ana 16 ni rupia moja, kuanzia 1908 senti 100 kwa rupia, na kuanzia 1936 senti 100 kwa shilingi. Anayeandika "senti 10 ya Zanzibar" bila mwaka hajasema kitu.

---

#13 Mkuyuni_Mza

Naongeza ya kusoma bahasha kwa mpangilio, kwa mfano wa huku Mwanza. Ndege ya kwanza ya barua ya kuja huku, ya Imperial Airways (shirika la ndege la Waingereza), iliondoka Croydon, London, tarehe 28 Februari 1931, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Bahasha za safari hiyo zipo sokoni. Ukipewa moja:

1. Mhuri wa mbele: mji na tarehe. Tarehe iwe ya kabla ya ndege au siku yake.
2. Ada: posta ya kawaida pamoja na nyongeza ya ndege. Ikizidi mno, ni ya mkusanyaji, si ya mfanyabiashara.
3. Lebo au maandishi ya ndege. Lebo iliyokwanguliwa ni tatizo.
4. Geuza. Mhuri wa nyuma ni wa kufika au wa kupita njiani. Hapo ndipo ukweli ulipo. Kisumu au Mwanza yenye tarehe inayoingiana na safari, umepata. Hakuna mhuri wa nyuma, basi ni bahasha iliyosema itapanda ndege.
5. Kama ni rejista: lebo yenye R, jina la ofisi na namba, na mara nyingi mistari miwili ya kalamu ya buluu imevuka mbele na nyuma. Namba ya lebo isiwe imebandikwa juu ya namba nyingine.

Paquebot mkiiona ni barua iliyotumwa melini baharini, ndiyo maana stempu ni ya nchi moja na mhuri wa bandari ya nchi nyingine. Si kosa wala si ya kughushi.

---

#14 Shangani1895

Mkuu wa Mwanza umegusa "ya mkusanyaji". Lipewe nafasi yake. Bahasha ya kujitengenezea ni iliyotumwa ili ipate mhuri, si ili ifikishe habari. Mafia imejaa hizo. Kisiwa kilipochukuliwa na Waingereza Januari 1915, stempu za Mjerumani zilizobaki ziligongwa "MAFIA", na baadaye zikaja za India zenye "I.E.F." (jeshi la India lililotumwa vitani) zikagongwa "G.R. POST MAFIA". Maafisa walijitumia wenyewe, stempu sita safu moja, ada mara tano ya inayohitajika. Ni za kweli, mihuri ya kweli, lakini barua ya askari yenye ada sahihi ni nadra kuliko hizo na haipendezi macho hata kidogo. Vita hivyo vilizaa pia "N.F." (jeshi la Nyasaland) kwenye stempu za Nyasaland, "KIONGA" ya Mreno kusini mwa Ruvuma, na "RUANDA" na "URUNDI" kwenye stempu za Kongo ya Mbelgiji. Zote 1916.

---

#15 Mlango_wa_Papa

Na Wuga je? Kuna mtu ananiuliza kila mara kama "ilitumika".

---

#16 BahashaKamili

Wuga ni somo la neno stempu ya dharura. Vita vilikata meli, stempu zikapungua, kiwanda cha misheni pale Wuga, Usambara, kikachapa za heller 2½, heller 7½ na rupia 1, mwaka 1916. Kabla hazijahitajika, meli Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza Machi 1916 ikiwa na stempu za kawaida. Za Wuga zikafukiwa ardhini Morogoro zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukuliwa 1921 na kupelekwa Ujerumani kuuzwa.

Kwa hiyo jibu lake: zilichapwa kwa ajili ya posta, hazikuuzwa dirishani. Katalogi huita hali hiyo haikutolewa. Akikuletea Wuga safi kama imetoka kiwandani jana, kumbuka ilikaa udongoni miaka mitano. Madoa na karatasi iliyoathirika na unyevu ni kawaida yake. Na akikuletea yenye mhuri wa posta wa 1916, muulize karani gani aliigonga.

---

#17 stempu_za_babu

Swali la mwisho: bahasha zenye stempu nimezikuta zimefungwa na mpira wa kufungia noti, mpira umeyeyuka na kugandana na karatasi. Nitumie petroli ileile ya viberiti?

---

#18 KibanoNaLenzi

Hapana, itausambaza. Weka kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, saa moja. Mpira ukishakuwa mgumu ung'oe vipande kwa kibano, ukivuta sambamba na karatasi, si kwenda juu. Doa la njano litabaki, liache. Kisha piga picha mbele na nyuma, ya nyuma hasa, uziweke hapa.

---

#19 stempu_za_babu

Ziko kwenye friji. Nyuma ya moja naona "ZANZIB" na nusu duara.

---

#20 Shangani1895

Usiikate.